Kinywa Kisinuke: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Watu wa Kusini (Mtwara na Lindi)

Mtu akihisi mdomo unanuka, cha kwanza kukimbilia ni pipi ya minti. Harufu inafunikwa dakika kumi, pengine kumi na tano, kisha inarudi ileile, safari hii imechanganyika na minti. Mwingine anaamini tumbo lake ni chafu, ananunua dawa ya kusafisha tumbo, anaendesha siku nzima, na mdomo unabaki vilevile. Basi tuanzie hapo: katika kila watu kumi wanaonuka mdomo, wanane au tisa tatizo lao liko mdomoni humohumo. Njia ya chakula hubaki imefumba muda mwingi, hewa ya tumboni haipandi ovyo isipokuwa unapocheua.

Kinachonuka ni gesi. Mdomoni kuna bakteria wasiopenda hewa. Hao hujificha nyuma ya ulimi, chini ya fizi na katikati ya meno, wakila mabaki ya chakula na ngozi iliyokufa ya mashavu, hasa vitu vyenye protini, na kutoa gesi za jamii ya salfa. Mkulima wa korosho akisikia salfa anawaza ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Ukoo ni huohuo, ila hizi za mdomoni zinanuka yai viza na kabichi iliyooza. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuwatoa bakteria hao kwenye maficho yao, na kuhakikisha mdomo haukauki.

Hatua ya kwanza: jipime kwanza

Pua huizoea harufu ya mwenyewe, ndiyo maana anayenuka mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Kupuliza kwenye viganja na kunusa hakusaidii sana. Nawa mkono kwa maji matupu, ulambe upande wa ndani wa kifundo, subiri sekunde kumi mate yakauke, kisha nusa. Kipimo hicho kinakupa habari za ncha ya ulimi tu, na ncha ndiyo sehemu iliyo safi kuliko zote.

Kipimo kikali ni kijiko. Kigeuze kifudifudi, kiingize mpaka nyuma ya ulimi kadiri unavyoweza bila kutapika, kwangua taratibu ukija mbele. Kitazame kwenye mwanga. Ukikuta mate yenye weupe hafifu yasiyonuka, uko salama. Ukikuta utando mzito, wa njano au wa kahawia, unaovutika kama ute na harufu yake inakurudisha nyuma, hapo umeshajua kinapotokea.

Usijipime ukiwa ndiyo kwanza umeamka. Usingizini mate hupungua sana, kwa hiyo kila binadamu huamka na mdomo mzito, na hiyo si ugonjwa. Jipime saa nne asubuhi au alasiri. Bado una wasiwasi? Muulize mtu mmoja unayemwamini, ana kwa ana. Wapo watu wanaojificha miaka kwa harufu ambayo haipo. Akikuambia hunuki, mwamini.

Hatua ya pili: ulimi

Hapa ndipo penye kazi na hapa ndipo wengi wanaparuka. Mtu anasugua meno dakika nzima, anasukutua, anaondoka, na ulimi haujaguswa. Ukiutazama ulimi wako kwenye kioo chenye mwanga mzuri utaona una vinyweleo vidogo kama zulia, na kule nyuma vinazidi kuwa virefu. Chakula, damu ya fizi na makamasi yanayoshuka kutoka puani usiku vyote vinanasa humo. Mswaki ukiupitisha juu juu unausukuma uchafu huku na huku tu.

Tumia kikwangulio cha ulimi ukikipata dukani. Usipokipata, kijiko cha chai cha chuma kinatosha, ila kiwe chako peke yako na kisirudi kwenye chungu cha sukari. Toa ulimi nje, vuta pumzi kwa pua ili usitapike, weka ukingo wa kijiko nyuma kabisa na uvute kuja mbele mara moja. Suuza kijiko. Rudia katikati, kulia na kushoto, mpaka kijiko kitoke na mate matupu. Mara nne au tano kwa kawaida zinatosha. Usikandamize kama unaparua ukoko wa sufuria. Ukiona damu, umezidisha nguvu.

Siku za mwanzo utahisi kutaka kutapika kidogo, hasa asubuhi. Anza katikati ya ulimi, kila siku rudi nyuma kidogo, baada ya wiki koo linazoea. Fanya asubuhi na usiku. Ukilazimika kuchagua, chagua usiku, maana ndiyo saa ambayo bakteria wanaachiwa nyumba bila mate.

Hatua ya tatu: meno, hata kwa kikombe kimoja cha maji

Mswaki uwe laini, si ule mgumu unaouzwa kwa sifa kwamba unatoa kila kitu. Mgumu unakula fizi. Badilisha kila baada ya miezi mitatu hivi, au nywele zake zikianza kulala. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayoimarisha meno. Tazama boksi lake, kwa mtu mzima kiasi kizuri ni kati ya 1000 na 1500 kwa kipimo cha ppm. Weka kiasi cha punje ya mbaazi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, punje ya mchele inamtosha.

Ulaze mswaki kwa mshazari, nywele zielekee pale fizi na jino vinapokutana, halafu usugue kwa miduara midogo, nje, ndani na juu ya magego. Dakika mbili. Watu wengi husugua sana meno ya mbele yanayoonekana kwenye picha na kuyasahau magego ya nyuma upande wa ndani, ambako ndiko harufu inakopika.

Waliokulia Newala au Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, wanajua maana ya ndoo moja ya maji kugawanywa watu sita. Kupiga mswaki hakuhitaji ndoo. Lowesha mswaki, sugua, tema povu lote, suuza mswaki kwenye kikombe, basi. Tena kutosukutua kwa maji mengi ndiko sahihi: floraidi inabaki kwenye meno ikifanya kazi usiku kucha. Anayesukutua mara tano anatema dawa aliyoilipia.

Anayetumia mswaki wa mti asione haya. Mti wenyewe wa mswaki, au kijiti cha mwarobaini, ukitumiwa vizuri unasafisha. Kata kijiti kibichi chenye unene wa penseli na urefu wa kiganja, menya ganda la ncha kama sentimita moja, utafune taratibu mpaka uwe na nyuzi laini, kisha usugue kutoka fizi kuelekea ncha ya jino, si kwa kwenda na kurudi kama msumeno. Kila siku kata nyuzi za jana na utafune mpya. Upungufu wake mmoja ni kwamba hauna floraidi ya kutosha, kwa hiyo mimi ningeutumia mchana na kuacha usiku kwa dawa ya meno.

Mkaa uliosagwa na mchanga laini wa pwani acheni. Meno yanang'aa wiki mbili, huku tabaka la juu la jino linakwisha, na likiisha halirudi.

Hatua ya nne: katikati ya meno

Korosho ina tabia yake. Ukiitafuna inakuwa unga wenye mafuta, unga huo unajaa katikati ya magego na kwenye mashimo ya juu ya jino, na ulimi hauwezi kuutoa. Pweza naye, na ng'onda, wanaacha nyuzi. Nyama ya pweza iliyonasa kati ya magego mawili tangu mchana, ikifika saa mbili usiku, hakuna minti inayoiweza. Mswaki nao haufiki pale.

Uzi wa meno unauzwa kwenye maduka ya dawa. Kata wenye urefu wa kama nusu mita, zungushia vidole vya kati, uingize taratibu ukiuyumbisha, ukumbatie jino moja ushuke mpaka chini kidogo ya ukingo wa fizi, upande, uhamie jino la pili. Kila pengo kwa kipande kisafi cha uzi. Nusa ule uzi baada ya magego ya nyuma. Pengo linalonuka kuliko mengine ndilo la kumwonyesha daktari, huenda pana jino limetoboka kwa ubavuni.

Huna uzi wa meno, kijiti cha meno kinaweza kutoa nyuzi kubwa, kwa upole. Ncha ya kisu, sindano na pini ya nywele hapana.

Fizi zikitoka damu siku za kwanza usiogope na usiache. Damu ni dalili kwamba fizi zimevimba kwa uchafu uliokaa, na ukisafisha kila siku kwa kawaida damu inapungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, ruka uende hatua ya mwisho.

Hatua ya tano: mate

Mate yanaosha, na mdomo mkavu unanuka haraka. Anayeshinda shambani na kitambaa puani wakati wa kupulizia, dereva wa bodaboda anayepigwa na upepo mdomo wazi kutoka Mikindani hadi Mtwara mjini, mwalimu anayeongea vipindi vitano bila kumeza funda la maji, wote wanafika jioni na mdomo wa gundi. Kunywa maji kidogo kidogo mara kwa mara. Dafu ni zuri, lakini lina sukari yake, basi lifuatishe na maji.

Kutafuna kunaleta mate. Bigijii isiyo na sukari inafaa kwa kazi hiyo baada ya chakula. Yenye sukari inawalisha walewale unaowafukuza. Karafuu moja mdomoni ina harufu nzuri na inaamsha mate, iliki vilevile. Zihesabu kama manukato, usizihesabu kama usafi.

Baadhi ya dawa hukausha mdomo: za presha, za mafua na mzio, za msongo wa mawazo. Usiziache kwa ajili ya harufu. Mwambie aliyekuandikia.

Unachokula na unachokunywa

Kitunguu saumu ni kesi ya pekee. Moja ya gesi zake huingia kwenye damu, ikafika kwenye mapafu na kutoka na pumzi, kwa hiyo hata ukipiga mswaki mara tatu bado utanuka kwa saa nyingi. Kula tofaa bichi au majani mabichi ya mnanaa, au kunywa maziwa pamoja na chakula hicho, kunapunguza. La sivyo, kama kesho una mkutano wa chama cha msingi na utakaa bega kwa bega na watu, usile leo.

Msimu wa korosho una mambo yake. Mabibo yanakaba mdomo na kuukausha kwa ukakasi wake, na uraka unakausha zaidi, kama pombe yoyote. Anayelala na uraka mdomoni bila kupiga mswaki, asubuhi hata mlango wa chumba unajua. Kama umekunywa, kunywa na maji, na usafishe ulimi kabla hujalala. Ukitoka kula mabibo, maembe mabichi au ndimu, subiri nusu saa ndipo upige mswaki, kwa sababu asidi hulainisha juu ya jino na mswaki ukipita mapema unalikwangua.

Mihogo na ming'oko ya kuchemsha huganda kwenye meno, lakini funda la maji la kusukutua linasaidia kuitoa. Soda na chai yenye vijiko vinne vya sukari ndizo zinazotoboa meno, na jino lililotoboka ni shimo la kuhifadhia harufu.

Sigara na ugoro sina la kupamba. Vinanuka vyenyewe, vinakausha mdomo, vinaharibu fizi, na ugoro unaowekwa kati ya mdomo na fizi unaleta saratani ya kinywa.

Mfungo wa Ramadhani

Harufu ya kinywa cha mwenye kufunga ina fadhila yake mbele ya Mwenyezi Mungu, hilo halina ubishi. Tunachozungumzia hapa ni ulimi uliolala na mchuzi wa daku. Maliza kula daku mapema kidogo, usafishe katikati ya meno, upige mswaki, ukwangue ulimi, halafu unywe maji kabla ya alfajiri. Mchana, mswaki wa mti ni sunna na wengi hawaoni tatizo kuutumia hata ukiwa umefunga. Mwenye shaka na dawa ya meno aiache mpaka baada ya futari.

Dawa za kusukutua

Maji ya chumvi ni rahisi na yanasaidia fizi zilizovimba na koo: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, gogomoa kooni, tema. Chumvi tunayo, mashamba yake yamejaa pwani nzima, basi isiwe sababu ya kuzidisha kipimo. Maji makali yanachubua. Dawa za dukani zenye kileo zinachoma na kukausha. Zenye kloheksidini, dawa ya kuua bakteria, ni kali na zinafanya kazi, lakini ukitumia zaidi ya wiki mbili zinatia meno rangi ya kahawia, kwa hiyo ni za kuelekezwa na daktari.

Kumwambia mtu

Hili linawashinda watu kuliko kukwangua ulimi. Kwa mwenzako wa ndani, ongea mkiwa wawili, na anza na afya: "Baba Zuhura, naona fizi zako zinatoka damu, twende tukamuone daktari wa meno." Hapo hujamwambia ananuka na ameshaelewa. Kwa rafiki, mwambie waziwazi mara moja, usimtumie ujumbe wa mafumbo. Mjomba ni habari nyingine. Kwetu Kusini mjomba ni mkubwa, mpwa hamwambii jambo kama hilo hata angezimia. Pitia kwa mke wake, au kwa mtu wa rika lake. Na ukikataliwa, umeshatimiza wajibu. Usiligeuze kuwa utani wa kijiweni.

Hatua ya mwisho: fizi, koo na daktari

Ukifanya haya yote kwa wiki mbili au tatu bila kuruka na harufu haijaondoka, kuna kitu ambacho mswaki hauwezi. Mara nyingi ni ugaga, ule uchafu uliogeuka jiwe chini ya fizi. Hautoki kwa dawa ya meno wala kwa chumvi. Unakwanguliwa na mtaalamu kwa vifaa. Usijinunulie vidonge vya antibayotiki dukani kwa kuwa jirani alipewa: harufu itapungua siku tano, ugaga utabaki palepale, na bakteria watakaorudi watakuwa sugu zaidi. Hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ndizo mahali pa kuanzia, au uulize hospitali ya wilaya yako kama wana kitengo cha kinywa na meno.

Wengine hutoa kooni vipunje vyeupe vinavyonuka vibaya wakikohoa. Hivyo hujikusanya kwenye vishimo vya tezi za koo. Gogomoa maji ya chumvi baada ya kula, usivichokoe kwa kijiti. Mwenye meno ya bandia ayavue usiku, ayasugue, ayaloweke kwenye maji safi.

Yako mambo machache ya kutosubiri wiki mbili. Pumzi inayonuka matunda matamu au dawa ya kuondolea rangi ya kucha, huku mtu ana kiu kali, anakojoa sana, anatapika au anapumua kwa kasi, inaweza kuwa sukari iliyopanda hatari. Hospitali leo hii. Pumzi yenye harufu ya mkojo kwa mtu anayevimba miguu, apimwe figo. Kidonda cha mdomoni kisichopona baada ya wiki mbili kionwe. Mtoto mdogo anayenuka ghafla na kutokwa usaha tundu moja tu la pua, huenda ameingiza kunde au punje ya hindi; msimchokonoe nyumbani, kitu kitazama zaidi.

Siku ya kwenda kwa daktari wa meno, acha kitunguu saumu tangu juzi yake, na asubuhi hiyo usijifukize udi wala usijipake marashi, kwa sababu anahitaji kunusa harufu yenyewe. Mbebee kwenye mfuko dawa zote unazokunywa, hata za mitishamba.